Pishi Haijajaa

Neno lenyewe nililisikia kwanza nikiwa nje.
Mkutano wa wazazi, Chake, ukumbi wa juu,
ngazi kumi na nne. Nilizihesabu
kwa kuwa sikuwa na jambo jingine la kufanya,
Shaame mgongoni, miaka minane,
miguu yake imenifika magotini.
Kipaza sauti kikasema: mjumuisho.
Kikasema tena: watoto wote.
Dirisha likalimwaga neno uani
pamoja na harufu ya sambusa za wageni.
Kijana mmoja akatushushia mbili kwenye karatasi.
Tukala. Tukarudi kwetu Mtambwe.

Watu husema Mungu hampi mja mzigo asiouweza.
Mgongo wangu una maoni yake.
Huniamsha saa nane usiku, kabla ya yeye kuamka:
mgeuze, mfute, mnyooshe mguu uliojikunja,
lala, kama kuna usingizi uliosalia.
Hospitali ya Wete, nesi alipokwisha kumkunjua magoti
akanigeukia. "Na wewe, mama Shaame, unalala saa ngapi?"
Nikamjibu dozi za Shaame.
Akauliza tena.
Nikamjibu uji wa Shaame: mwepesi, kijiko kidogo, shingo iinuliwe.
Mara ya tatu nikanyamaza,
nikaona haya, kama mtu aliyeulizwa jina lake
akalikosa.

Mwaka huu mikarafuu imezaa mpaka matawi yakavunjika.
Kila uwanja una mkeka, kila mkeka una rundo,
na usiku watu hukaa duara kuchambua,
konyo huku, karafuu huku,
na mambo ya watu yakichambuliwa humo humo.
Mie sikumpeleka Shaame. Alijipeleka:
alinyoosha kidole, kile kimoja kinachomtii,
kuelekea zilikotoka sauti,
akalia hata nikambeba.
"Mweke hapa," Mwanakombo akasema, akasogeza paja,
akavuta gunia la kumwegemeza.
Hakuna aliyeniuliza ataweza nini.

Konyo la kwanza lilimchukua muda
wa watu kumaliza talaka nzima ya Bi Chumu,
nayo ilikuwa ndefu, ina mashahidi.
Nami nimesimama, mikono mbele, tayari kudaka.
"Wee Mize," mtu akasema gizani,
"utatusimamia kama mdai? Nenda kaoge!"

Nikaenda kuoga.
Nikapasha maji, ya kwangu peke yangu.
Singo ilikuwamo kikoponi tangu harusi ya mdogo wangu,
imekauka kama udongo;
nikaitia marashi, ikakubali kuamka.
Nikajisugua mabega. Nikayaambia:
nyie mabega, hamkuzaliwa mbeleko.
Nikajilaza dakika moja, nilivyodhani.
Nilipozinduka mwezi umeshahama dirisha.
Nikatoka mbio, kanga upande.

Bado wamekaa.
Bi Raya, mwenye shamba, asiyesamehe hata karafuu tatu,
ameinua pishi ya Shaame kwenye taa.
Akaitikisa. Akaisawazisha kwa kiganja.
"Hii haijajaa," akasema. "Silipi."

Damu ikanipanda. Maneno nilikuwa nayo,
moja kwa kila ngazi ya Chake.
Lakini Shaame alikuwa anacheka,
kile kicheko chake cha mwili mzima kinachomtoa mate,
maana kabla yake Faki ameambiwa vile vile,
na Zuwena vile vile, na Zuwena ametukana.
Akaurudisha mkono kwenye rundo.

Nikakaa ubavuni mwake. Sikumsaidia.
Sijapata kufanya kazi ngumu kama ile.
Kidole, konyo. Kidole, hewa.
Kidole, hewa.
Kidole, konyo.

Alilipwa saa sita ya usiku,
noti moja iliyochakaa, ngumi ikaifumba,
tukashindwa kuifumbua mpaka asubuhi.
Mgongo bado unauma.
Ngazi bado ni kumi na nne, na nina barua ya kuwaandikia.
Ila Mwanakombo ameniambia Alhamisi nimlete tena,
na singo
nimebakisha nusu kikopo.